Mtoto mwenye tishu legevu na operesheni ya jicho: kwanza jueni ni ugonjwa gani

Mara nyingi inaanza kidogo kidogo. Mtoto anasogeza kitabu mpaka kinagusa pua, anapimwa miwani, miezi sita mbele namba imebadilika, anapimwa tena imebadilika tena, mpaka siku moja daktari wa macho anamwekea matone ya kupanua mboni, anamulika na taa yake, anasema lenzi imehama. Wazazi wanaangaliana. Nani amempiga mtoto? Hakuna aliyempiga, na swali linalofuata karibu kila mara ni lile lile, operesheni lini?

Mimi nadhani hilo ni swali la pili. La kwanza ni ugonjwa gani umeihamisha hiyo lenzi, maana kwa watoto wenye magonjwa ya tishu unganishi madhara mengi ya operesheni yanategemea hilo jibu kuliko yanavyotegemea mkono wa daktari. Mtoto mmoja hatari yake kubwa iko kwenye retina, yani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, mwingine iko kwenye moyo, mwingine iko kwenye uzi wa kushonea, na mwingine jicho litapona vizuri kabisa ila damu itaganda mguuni usiku baada ya operesheni. Ukiwapanga mstari mmoja wote wanaonekana wana "macho mabovu" tu.

Tishu unganishi ni nini sasa? Ni ile inayoshika vitu pamoja mwilini, yani gundi na kamba. Ngozi, maungio, kuta za mishipa ya damu, mifupa, vyote vinashikiliwa na nyuzi za protini kama kolajeni na fibrilini. Jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza protini hiyo ikiwa na kasoro, kamba zinatoka dhaifu mwili mzima. Na jicho ni kama limejengwa na kamba tupu: ule weupe wa nje unaoitwa sklera ni kolajeni, konea kile kioo cha mbele ni kolajeni iliyopangwa kwa ustadi, ile jeli inayojaza jicho ndani ina kolajeni pia, na lenzi yenyewe imening'inizwa katikati kwa vijikamba vyembamba sana vya fibrilini. Fikiria ngoma ilivyowambwa, ngozi inavutwa pande zote sawasawa ndo maana inakaa katikati na inakaza. Kamba za upande mmoja zikilegea, ngozi inavutwa kwenda upande ambao bado una nguvu. Lenzi ni hivyo hivyo.

Ugonjwa unaojulikana zaidi hapa ni sindromu ya Marfan. Mwaka 1896 daktari wa watoto wa Paris, Antoine Marfan, alieleza habari za msichana mdogo wa miaka 5 mwenye mikono, miguu na vidole virefu vyembamba kupita kawaida, na ikachukua karibu karne nzima, mpaka 1991, ndo ikajulikana kwamba kasoro iko kwenye jeni ya FBN1 inayotengeneza fibrilini. Inampata takriban mtu 1 kati ya 5,000, na kama 6 kati ya 10 wenye Marfan lenzi zao zimehama. Kwa kawaida inapanda juu na kwenda nje, upande wa sikio. Ukikuta imeshuka chini na kuingia ndani upande wa pua, daktari mzoefu anaanza kuwaza homosistinuria, ugonjwa wa tofauti kabisa ambao mwili unashindwa kuivunja kemikali iitwayo homosistini, inajaa kwenye damu na kuharibu vijikamba taratibu. Watoto hawa nao wanaweza kuwa warefu wembamba, kwa macho tu ukamwita mmoja Marfan kumbe siyo. Halafu kuna Weill-Marchesani ambao wao ni kinyume, wafupi, vidole vinene vigumu, na lenzi ndogo ya mviringo kama shanga inayoelea mbele na kuziba njia ya maji ya jicho, presha ya jicho inapanda. Lakini huu mwelekeo wa lenzi siyo msumeno, unakupa fununu tu, vipimo ndo vinasema.

Vipimo vyenyewe siyo vya ajabu. Mtoto akikutwa lenzi imehama bila kuumia, damu ipimwe homosistini na moyo upigwe picha ya ultrasaundi ambayo wengi wanaiita eko, na hivyo vifanyike kabla ya kupanga tarehe ya operesheni. Kipimo cha jeni kikipatikana ni bora zaidi, kwa sababu wapo watoto ambao kasoro iko kwenye jeni nyingine inayoitwa ADAMTSL4 na mara nyingi shida yao inabaki kwenye macho bila kugusa mishipa mikubwa ya damu, na wapo wengine wana kasoro ya FBN1 kabisa lakini moyo bado haujaonyesha kitu, kwa hiyo eko moja nzuri ya leo haimaanishi umemaliza, inarudiwa.

Sasa kwa nini mtu amfanyie mtoto wa hivi operesheni? Wengi hawahitaji, angalau kwa muda mrefu. Lenzi ikihama kidogo miwani inatosha. Shida inakuja pale ukingo wa lenzi unapokatiza katikati ya mboni, mtoto anaona nusu kupitia lenzi na nusu bila lenzi, hakuna miwani itakayonyoosha hiyo. Na ubongo wa mtoto unajifunza kuona kwenye miaka ile ya mwanzo, mpaka kama miaka 7 au 8, ukiletewa picha yenye ukungu muda wote huo unaamua kulipuuza lile jicho, ndo jicho vivu, na baadaye hata ukiweka lenzi ya dhahabu jicho halitaona vizuri. Kwa hiyo kusubiri nako kuna gharama. Kuna hali nyingine ambayo haina mjadala, lenzi ikidondokea mbele ya mboni na presha ikapanda, jicho jekundu, maumivu, kutapika, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Ndani ya chumba cha operesheni tofauti inaonekana mapema. Operesheni ya kawaida ya mtoto wa jicho daktari anatoboa kifuko cha lenzi, anatoa kilichomo, anakiacha kifuko, anaweka lenzi bandia humo humo. Kifuko kinakaa kwa sababu kamba zipo. Kwa mtoto wa Marfan ukikigusa kinacheza, ukisukuma kinakimbia, kamba zilizobaki zinakatika moja moja, na kupitia pengo lililobaki ile jeli ya nyuma inakuja mbele. Jeli hiyo imeshikana na retina, kwa hiyo ukiivuta huku mbele unaivuta retina kule nyuma, na hapo ndo mbegu ya retina kubanduka inapandwa. Ndo maana siku hizi madaktari wengi wanaitoa lenzi na kifuko chake chote kwa kifaa kidogo kinachokata na kunyonya kwa wakati mmoja, na jeli iliyo jirani inakatwa vizuri bila kuvutwa. Tena mboni ya mwenye Marfan mara nyingi haipanuki vizuri kwa sababu msuli wa kuipanua haukukomaa, inabidi itanuliwe kwa vijindoano, daktari anafanya kazi kama anayepanga nyumba kupitia tundu la funguo.

Halafu linakuja suala la kuweka nini badala ya ile lenzi, na hapa wazazi wanachanganyikiwa kuliko mahali popote, kwa sababu daktari mmoja anasema hivi mwingine anasema vile na wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Njia ya kwanza ni kutoweka kitu, mtoto avae miwani minene au lenzi za kuvaa juu ya jicho. Inaonekana kama kazi nusu lakini siyo, jicho la mtoto bado linakua, mtoto mchanga jicho lake lina urefu wa kama milimita 17 na mtu mzima kama 24, lenzi utakayoipimia leo kesho haitoshei, na kila kitu unachokiacha ndani ya jicho dhaifu ni kitu kinachoweza kuhama. Njia ya pili ni kukiokoa kifuko kwa pete maalumu inayoshonewa kwenye sklera, nzuri kama kamba nyingi bado zipo, ila kifuko cha mtoto kinaota ukungu haraka na kinahitaji kusafishwa tena. Njia ya tatu ni kushonea lenzi bandia moja kwa moja kwenye sklera. Miaka mingi ulitumika uzi wa polipropilini wa saizi 10-0, mwembamba kuliko unywele, na shida yake ikaja kuonekana baadaye, unakatika baada ya miaka kadhaa. Kwa mzee wa miaka 80 huenda si kitu. Kwa mtoto wa miaka 6 mwenye miaka 70 mbele yake ni kitu kikubwa. Ndo wakahamia kwenye uzi mnene zaidi wa 9-0 au wa Gore-Tex, na wengine hawatumii uzi kabisa, wanapitisha miguu ya lenzi ndani ya ukuta wa sklera na kuichoma ncha ivimbe isirudi, mbinu ya daktari Yamane wa Japani. Lakini hizo zote zinategemea ukuta wa sklera, na kwa hawa watoto ukuta wenyewe ni mwembamba. Ya nne ni lenzi inayobana kwenye irisi, ile duara ya rangi ya jicho, kama kibanio cha nguo, haraka na haigusi sklera, ila lazima zifuatiliwe seli za nyuma ya konea kwa sababu zikipungua hazizaliwi tena.

Ukiambiwa njia moja ndo bora na nyingine zote hazifai, uliza kasoro ya hiyo bora. Kila moja inayo.

Baada ya hapo kuna retina. Jicho la Marfan ni refu, retina imetandazwa imevutika, inaweza kubanduka hata bila kuguswa na kisu. Operesheni inaongeza hatari, na inaweza kutokea miaka baadaye wakati kila mtu ameshasahau. Mtu mzima anasema naona cheche, naona vidoa vyeusi vinaelea, naona kama pazia linashuka. Mtoto hasemi, jicho la pili linamfidia anaendelea kucheza, unakuja kugundua siku anajikwaa upande mmoja tu. Kwa hiyo kupimwa na mboni imepanuliwa mara kwa mara ni sehemu ya operesheni kabisa, hata kama imefanyika miaka mingi nyuma.

Lakini mfalme wa retina kubanduka ni ugonjwa mwingine, Stickler. Ulielezwa mwaka 1965 na daktari Gunnar Stickler na wenzake wa Mayo Clinic kule Marekani. Hapa kolajeni ya aina ya 2 au ya 11 ndo ina kasoro, jeli ya jicho inakuwa kama maji matupu yenye utando mmoja mmoja, na retina inachanika, wakati mwingine chaniko kubwa kuzunguka robo ya jicho na zaidi, kwa mtoto wa shule ya msingi. Dalili ziko wazi ukizijua: anazaliwa tayari na uoni hafifu wa mbali mkubwa sana, kaakaa limepasuka au kidevu kidogo, masikio hayasikii vizuri. Kinachonisikitisha ni kwamba daktari wa kaakaa anaona kaakaa, wa masikio anaona masikio, na wa macho anampa miwani. Kuna vituo, hasa Cambridge Uingereza, vinavyowagandisha hawa watoto ukingo wa retina kwa baridi kali, duara zima, ili iwe kama imepigwa misumari kabla haijabanduka, na ripoti zao zinaonyesha waliofanyiwa hivyo wanabanduka retina mara chache zaidi kuliko wasiofanyiwa. Bado kuna wanaobishana kuhusu nani afanyiwe na lini. Ila mtoto wa Stickler akiwa anaenda kutolewa mtoto wa jicho bila mtu kuiangalia retina kwanza, hilo halina mjadala, ni kosa.

Ehlers-Danlos, kundi lingine la magonjwa ya tishu unganishi, nayo inawatisha watu sana, na hapa lazima tutulie kidogo. Mpangilio wa mwaka 2017 uliigawa aina 13, na ile inayowapata wengi, ya viungo kukunjika kupita kiasi, kwa kawaida haina haya mambo makubwa ya jicho. Zinazotisha ni chache. Aina ya kibyongo, mtoto anazaliwa mlegevu na mgongo unapinda mapema, sklera yake inaweza kupasuka kwa pigo dogo tu. Na aina ya konea tete, jeni ni ZNF469 au PRDM5, konea ambayo kawaida ina unene wa kama maikromita 540 kwao mara nyingi iko chini ya 400, weupe wa jicho unaonekana wa bluu, na jicho linaweza kupasuka kwa kugongwa na kiwiko cha mwenzake. Likipasuka, kushona ni mateso, uzi unakata konea kama unavyokata karatasi iliyolowa, unaziba tundu moja yanazaliwa mawili. Kwa hawa operesheni bora ni ile iliyoepukwa, miwani ya plastiki ngumu ya polikaboneti ivaliwe kila saa mtoto akiwa macho, hata kama haoni vibaya.

Hata operesheni ya makengeza ambayo kwa kawaida ni nyepesi inabadilika. Sklera inapokuwa nyembamba kuliko mahali pote, nyuma tu ya pale misuli inaposhikia, ina kama milimita 0.3 kwa mtu mzima wa kawaida, na hapo hapo ndo sindano inapita. Kwa mwenye tishu dhaifu sindano inatokea ndani bila mtu kujua.

Sasa nusu kaputi. Hii ndo sehemu inayozungumzwa dakika mbili koridoni wakati ingestahili kikao kizima, kwa sababu mtoto hafanyiwi operesheni ya jicho akiwa macho kama mtu mzima, analazwa usingizi kabisa. Mwenye Marfan ana mshipa mkuu wa damu, aota, unaoweza kuwa umetanuka pale unapotoka kwenye moyo, na wakati wa kuingiza mpira wa kupumulia presha inaweza kuruka ghafla, kitu ambacho huo mshipa hauhitaji. Kama anatumia dawa za kushusha mapigo ya moyo au presha, asiziache asubuhi ya operesheni eti kwa sababu ameambiwa asile, ulizeni. Mapafu yake nayo yanaweza kutoboka yenyewe. Wa homosistinuria kaa naye mbali na kiu: damu yake inaganda kirahisi, kumkalisha na njaa na kiu kutwa nzima akisubiri zamu ni hatari yenyewe, awe wa kwanza kwenye orodha na awekewe dripu. Na ile gesi inayoitwa gesi ya kucheka asipewe, inazuia kimeng'enya kinachotumia vitamini B12 na homosistini inapanda zaidi. Kuna sehemu ya hawa watoto, karibu nusu, wanaitikia vitamini B6, kwa hiyo ukijua ugonjwa mapema unaishusha homosistini kwanza ndo unaenda kwenye kisu, na waliogunduliwa wachanga wakatibiwa vizuri mara nyingi lenzi hazihami kabisa. Wa Stickler na Weill-Marchesani shingo na kidevu vinaweza kufanya mpira wa kupumulia uwe kazi ngumu. Wa Ehlers-Danlos dawa ya ganzi ya sindano wakati mwingine haishiki sawasawa, mtoto analalamika anaumwa anaambiwa anadeka, na gundi za plasta zinazofunga kope zinaondoka na ngozi. Wa mifupa tete, ambao weupe wao wa jicho pia ni wa bluu, wanavunjika wakati wa kuhamishwa kitandani.

Dawa moja ya kuulizia: mwezi Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba antibayotiki za kundi la fluorokwinoloni za kumeza au za mshipa zinaweza kuongeza hatari ya aota kuchanika, na ikawataja wenye Marfan na Ehlers-Danlos kwa majina. Onyo lilihusu za kumeza na za sindano, matone ya jicho ya kundi hilo hayakuwa ndani yake, kwa hiyo usimwage matone, uliza tu kama kuna vidonge vitakavyoandikwa.

Nyumbani baada ya operesheni kuna kipande kirefu ambacho hakina drama. Kidonda kwenye tishu dhaifu kinachelewa kushikana, nyuzi zinaachwa muda mrefu kuliko kawaida, mtoto anafunikwa jicho kwa ngao ya plastiki usiku kwa sababu akilisugua amemaliza. Matone ya steroidi yanayotuliza uvimbe yanapandisha presha ya jicho kwa baadhi ya watoto, ndo maana presha inapimwa. Glakoma, yani presha ya jicho inayoharibu mshipa wa kuona, inaweza kuja miaka baada ya lenzi kutolewa, haiumi, mtoto hajui. Na jicho vivu linahitaji plasta kwenye lile jicho linaloona vizuri saa kadhaa kwa siku, miezi na miezi, kazi ambayo operesheni iliyofana kabisa inaweza kupotea bure ikiachwa. Akifika ujana akaja na wazo la leza ya kuacha miwani, kwa wenye haya magonjwa jibu huwa hapana, konea haina cha kukatwa.

Na siku mtoto huyu anapopewa jina la ugonjwa wake, ndugu zake na wazazi wapimwe pia. Marfan inarithiwa kwa uwezekano wa nusu kwa kila mtoto wa mwenye nayo, ingawa kama robo ya wagonjwa ni wa kwanza kwenye ukoo wao. Homosistinuria inatoka kwa wazazi wawili wote ambao wenyewe ni wazima, kila mtoto wao ana nafasi ya robo. Mara nyingine ni baba mrefu aliyekuja tu kumsindikiza mtoto kliniki ya macho ndo anakutwa na aota iliyotanuka.